Farasi Alale Vipi Kambini: Kamba ya Juu, Uzio wa Umeme, Vizuizi vya Chuma, au Pingu?

Ukiingia vilima vyenye msitu na farasi wako kwa siku mbili tatu, hema, chakula na njia ni mambo yanayopangika kwa urahisi. Kigumu ni usiku. Mnyama wa kilo 500, mwenye maumbile ya kukimbia anaposhtuka, atakaaje mpaka alfajiri bila kujiumiza, bila kuua miti, na bila kushika njia ya kurudi nyumbani peke yake? Njia zinazotumika ni chache, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko zinavyoonekana dukani.

Msimamo wetu ni huu. Kwa vilima vyenye msitu, kamba ya juu ndiyo chaguo la kwanza kwa wasafiri wengi. Uzio wa umeme wa kubebeka humpa farasi mapumziko bora zaidi, lakini unadai ardhi tambarare na farasi aliyekwisha kuufahamu. Vizuizi vya chuma vinafaa pale tu trela inapofika. Pingu za miguu ya mbele na kigingi ni vifaa vya malisho ya mchana watu wakiwa macho. Usiku visitegemewe peke yake.

Mambo yanayoamua kabla ya kununua chochote

La kwanza ni uzito. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba farasi abebe asilimia 20 hivi ya uzito wake, mpandaji na tandiko vikihesabiwa. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kilo 100. Mpandaji wa kilo 75 na tandiko la kilo 13 wameshachukua 88. Zinabaki kilo 12 kwa hema, chakula, nguo, ndoo ya kukunja na kifaa cha kumzuilia farasi. Ukiwa huna farasi wa pili wa mizigo, tofauti ya kilo 2 na kilo 6 inabadilisha safari nzima.

La pili ni ardhi utakayolala, na la tatu, lenye uzito kuliko yote, ni kile ambacho farasi wako amekizoea. Kifaa kizuri ambacho farasi anakiona mara ya kwanza gizani, mahali pageni, ni kifaa kibaya kwa usiku huo.

Kamba ya juu

Hii ni kamba moja iliyovutwa kati ya miti miwili juu ya kichwa cha farasi, naye akafungwa chini yake kwa kamba yake ya kuongozea. Uzuri wake ni kwamba mvuto unatoka juu. Farasi akirudi nyuma kwa nguvu, kamba inanesa kidogo na kumrudisha taratibu. Shina la mti halinesi: farasi aliyefungwa moja kwa moja kwenye mti hupata kitu kigumu cha kushindana nacho, akakata hatamu au akaumia shingo. Akitulia, huanza kuchimbua mizizi kwa kwato na kutafuna gome. Gome likiliwa mzunguko mzima, mti unakufa. Ndiyo maana kumfunga farasi kwenye mti kuwe kwa dakika chache tu za kuweka tandiko, kwenye mti mkubwa.

Vifaa ni vyepesi: mita 15 hivi za kamba ya poliesta yenye unene wa mm 10 hadi 12, mikanda miwili ya kuzungushia miti yenye upana wa sm 5 au zaidi, pete zisizoteleza za kufungia farasi kwenye kamba hiyo, kwa idadi yao, na kiungo cha kuzunguka kwa kila mmoja. Kwa farasi wawili vyote havizidi kilo 2 au 3. Epuka nailoni kwa kamba hii kuu. Nailoni hurefuka ikivutwa, na ikilowa hurefuka zaidi. Kamba iliyokazwa vizuri jioni unaikuta alfajiri imelala kama kamba ya kuanikia nguo, na farasi ana mguu mmoja upande wa pili.

Miti iwe hai, yenye kipenyo cha sm 20 au zaidi, na umbali wa mita 9 hadi 12 kati yake kwa farasi wawili. Ukizidisha hapo, kamba italegea katikati hata ukiivuta vipi. Kabla ya kufunga, tazama juu: tawi lililokufa linaloning'inia ni sababu tosha ya kuhama. Kisha tazama chini, uondoe mawe yenye makali, visiki vifupi na vijiti vilivyosimama. Ardhi iwe ngumu, kavu, bila majani mengi laini, na mbali na maji. Mita 60, yaani hatua 70 au 80 za mtu mzima, ndicho kipimo kinachopendekezwa kwa kambi na wanyama katika maadili ya kutoacha alama porini. Kilele cha kilima na miti mirefu iliyosimama peke yake viepukwe kwa ajili ya radi.

Kuifunga: zungusha mkanda kwenye mti wa kwanza kwa kimo cha mita 2.1 hadi 2.4 na ufunge mwisho mmoja wa kamba hapo. Weka pete zisizoteleza mahali pake kabla ya kukaza. Farasi wa kwanza akae angalau mita 2 kutoka kwenye shina, na baina ya farasi na farasi iwe mita 3. Kwenye mti wa pili, fanya kitanzi katika kamba hatua moja hivi kabla ya mti, pitisha mwisho wa kamba kwenye mkanda, uurudishe ndani ya kitanzi, kisha vuta kwa uzito wa mwili wako wote na ufunge kwa mafundo mawili ya nusu. Ning'inia kwa mikono miwili katikati: ikishuka zaidi ya kiganja kimoja au viwili, kaza tena. Baada ya saa moja farasi wakiwa wamefungwa, rudi ukaze mara ya pili, kwa sababu mafundo na mikanda hujipanga upya.

Urefu wa kamba ya kuongozea ndipo ajali nyingi zinapoanzia. Farasi afikishe pua ardhini akila, lakini kamba isilale chini. Ikigusa ardhi akiwa amesimama na kichwa juu, ni ndefu mno, na mguu wa mbele utavuka. Ikiwa fupi kiasi kwamba hafiki chini, hatalala wala hatakula vizuri. Funga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na mkia wa fundo uupitishe ndani ya kitanzi chake endapo farasi ni mjanja wa meno. Kisu kiwe mkononi mwa mtu, kisikae chini ya mzigo.

Yanayoharibika yana sababu zake. Pete zikiteleza, farasi wote hukusanyika upande mmoja, wakapigana au mmoja akajizungusha kwenye mti. Bila kiungo cha kuzunguka, kamba ya kuongozea hujisokota kila farasi anapogeuka mpaka inafupika na kumning'iniza kichwa. Farasi anayechimbua ardhi kwa kukosa subira atakuachia shimo la kufikia goti. Mpe nyasi kavu kidogo kidogo muda wote badala ya fungu moja, na ikiwa anajua pingu, mvishe hapo hapo chini ya kamba ili mguu usipate nafasi ya kuparua. Panga marafiki wakae jirani na wagomvi wakae ncha mbili tofauti. Wala usimwache farasi mmoja peke yake kwenye kamba wenzake wakienda matembezini. Upweke humtia hofu kuliko giza.

Udhaifu wa kweli wa kamba ya juu ni kwamba farasi hatembei. Tumbo la farasi limeumbwa kwa kula kidogo kidogo huku akihama. Akisimama kwa muda wa saa kumi, miguu huvimba kuanzia kwenye vifundo na hatari ya msokoto wa tumbo hupanda. Mtembeze kwa mkono dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala na tena asubuhi kabla ya tandiko. Uvimbe wa kusimama huondoka akitembea. Usipoondoka, au ukiwa mguu mmoja tu na una joto, hilo ni jeraha, na siku hiyo hapandwi.

Uzio wa umeme wa kubebeka

Hapa farasi anapata anachokipenda: anatembea, anajiviringisha, analala ubavu. Farasi hupumzika akiwa amesimama, ila usingizi mzito kabisa anaupata akiwa amelala chini tu, na anauhitaji kama nusu saa au zaidi kila siku. Kwa safari ya usiku mmoja huenda usione tofauti. Kwa safari ya siku nne tano, farasi aliyelala vizuri anaonekana kwenye mwendo wa kupanda mlima.

Mashine ndogo ya betri husukuma pigo la umeme kwenye utepe wa plastiki wenye nyuzi za waya, takriban mara moja kila sekunde. Kwa farasi mmoja eneo la mita 7 kwa 7 ni la chini kabisa. Mita 10 kwa 10 ni la heshima, nalo linahitaji utepe wa mita 40 kwa mstari mmoja na nguzo kila mita 3 au 4. Mstari mmoja uwe kimo cha kifua, karibu mita 1.1. Ukiongeza wa pili, uweke sm 60 hivi kutoka ardhini. Kifurushi chote, pamoja na mashine, nguzo za plastiki na fimbo ya ethi (chuma kinachochomekwa ardhini ili umeme urudi kwenye mashine), hufika kilo 4 hadi 6. Unaweza kupunguza nguzo kwa kutumia miti kama kona, utepe ukishikwa na mkanda wenye kihami umeme. Misumari isiguse mti.

Tatizo la vilima linaanza hapo. Nguzo za kukanyagia haziingii kwenye mawe na mizizi. Kwenye mteremko, utepe huvutwa juu ya mabonde madogo na kuacha nafasi ya kupenya chini. Nyasi na vichaka vikigusa utepe hunyonya umeme, na baada ya umande au mvua hunyonya zaidi. Udongo mkavu au wa mwamba hufanya ethi iwe dhaifu, na bila ethi hakuna mshtuko hata mashine ikilia vizuri. Chimbia fimbo mahali penye unyevu, mwagia maji, na upime kwa kipimo cha uzio mahali palipo mbali zaidi na mashine: lenga volti 3000 au zaidi. Chini ya 2000, farasi mwenye manyoya mazito hatajali.

Elewa kwamba uzio huu humzuia farasi kwa akili yake. Nguvu ya kumzuia mwili haina. Akishtushwa na mnyama wa porini au tawi linaloanguka, anaupita, na huenda akakimbia msituni na utepe ukimfuata miguuni, jambo linalomtisha maradufu. Kwa hiyo mafunzo ya nyumbani si hiari. Tandaza uzio ndani ya zizi lake la kawaida kwa siku kadhaa, umwache augundue kwa pua mchana, kisha alale humo usiku kadhaa. Farasi ambaye hajawahi kuguswa na umeme akiguswa mara ya kwanza kambini anaweza kuruka mbele badala ya kurudi nyuma.

Betri nayo ina hila zake: farasi wengi hugundua kimya cha mashine kabla ya mwenye mashine. Beba ya akiba, na upime kabla ya kulala, si baada ya kufunga tu.

Vizuizi vya chuma na trela

Vipande vya mabomba vyenye urefu wa mita 3, kila kimoja kilo 20 hadi 35 kikiwa cha chuma na pungufu kikiwa cha aluminiamu, huunganishwa kuwa zizi. Vipande 8 vinatoa duara la kipenyo cha mita 7 na nusu hivi. Vipande 4 vinatoa chumba cha mita 3 kwa 3 ambacho farasi anageuka kwa shida akilala. Watu wengi hukitumia kwa kuokoa uzito wa trela, nasi hatukipendi. Hakuna namna ya kubeba haya mgongoni mwa farasi, hivyo utarudi kambi ile ile kila jioni. Kwa mgeni wa kazi hii hilo ni jema. Unapanda njia tofauti kila siku, farasi anarudi mahali anapopajua, na maji na nyasi viko kwenye gari.

Hatari zake ni za ardhi isiyo sawa. Farasi akijiviringisha karibu na bomba la chini, mguu huingia chini yake na kunasa. Kwenye mteremko nafasi hiyo huwa kubwa upande mmoja. Pia zizi zima husogea farasi akisukuma kwa kifua ili kufikia nyasi za nje, kwa hiyo funga pande mbili kwenye trela iliyozuiwa magurudumu, tumia pini zote za viungo, na usiweke farasi wagomvi mazizi yanayogusana.

Kumfunga kwenye trela yenyewe kunatosha kwa usiku mmoja wa njiani. Trela iwe imeunganishwa na gari, tambarare, na kona zake kali, kibati cha namba na viziba matope vikaguliwe kwa mkono. Mkono wa chuma unaozunguka, uliofungwa juu ya trela, ni bora kuliko pete ya ubavuni kwa sababu mvuto unatoka juu kama kwenye kamba ya juu.

Pingu na kigingi

Pingu ni mikanda laini inayounganisha miguu ya mbele miwili kwenye kifundo cha chini. Kigingi ni chuma kilichopigiliwa ardhini chenye pete ya kuzunguka, na kamba ya mita 6 hadi 10 inayoishia kwenye mkanda wa mguu mmoja wa mbele. Vyote viwili vinamruhusu farasi ale nyasi za porini, na kwa safari ndefu hiyo ni faida kubwa, kwani farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, mzigo usiobebeka kwa siku nyingi.

Lakini farasi mwenye uzoefu wa pingu hujifunza kuruka miguu miwili kwa pamoja na kwenda mbali kwa kasi inayoshangaza. Kwenye mteremko mkali, kuruka huko kunaweza kumwangusha. Kigingi nacho kinataka uwanda wazi. Msituni kamba itazunguka kila kichaka. Usimfunge kigingi kwa hatamu: akifika mwisho wa kamba kwa mbio, shingo ndiyo inayopokea pigo lote. Kikichomoka, chuma kinamfuata kikimpiga miguu. Farasi afundishwe kwanza kuufuata mvuto wa kamba mguuni, hatua kwa hatua, mahali penye mchanga au nyasi laini.

Matumizi mazuri ni haya: muda wa saa mbili alasiri na muda kama huo asubuhi, mtu akitazama, kiongozi wa kundi akiwa amefungwa chini ya kamba ya juu na wengine wakiwa na pingu. Wafuasi hawaendi mbali na kiongozi. Kengele shingoni husaidia kwenye ukungu. Kagua ngozi chini ya mkanda kila unapovua. Unyevu na mchanga huchubua haraka.

Linalohitajika kwa njia yoyote

Maji lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kwenye joto na baada ya kupanda sana. Chini ya kamba ya juu ndoo itapigwa teke usiku, kwa hiyo mpeleke akanywe kabla ya kulala kisha alfajiri badala ya kumwachia. Baadhi ya misitu ya hifadhi inadai nyasi zilizothibitishwa kutokuwa na mbegu za magugu, na baadhi inataja aina ya kizuizi kinachoruhusiwa. Uliza kabla, kwa kuwa sheria hiyo inaweza kufuta nusu ya ulinganisho huu kwa siku moja. Ukiondoka, tawanya samadi ikauke, fukia mashimo ya kwato na urudishe majani.

Farasi akitoroka usiku, mara nyingi hushika njia mliyojia. Weka kambi ili hema zikae kati ya farasi na njia hiyo, na ufunge kibandiko chenye namba ya simu kwenye hatamu au kwenye msuko wa singa.

Basi uchague vipi

Kama unahama kambi kila siku, msitu mnene, farasi mmoja au wawili bila wa mizigo: kamba ya juu, bila kusitasita. Kama una farasi wa mizigo na unakaa siku tatu mahali pamoja penye uwanda: chukua uzio wa umeme, na kamba ya juu iwe akiba ndani ya mfuko, kwa sababu usiku wa kwanza wenye mawe utakukatalia nguzo. Farasi mchanga au mwenye hofu, safari ya kwanza: vizuizi vya chuma kando ya trela, huku akifundishwa kamba ya juu mchana kwa saa moja moja, mwenzake akiwa jirani. Farasi mzee mwenye viungo vigumu aepushwe kamba ya juu ya usiku mfululizo, kwani kusimama ndiko kunakomuumiza. Kwake eneo la kutembea lina thamani kuliko wepesi wa mzigo.

Farasi mwenye tabia ya kuvuta nyuma kwa nguvu zake zote akifungwa asipelekwe porini kwa njia yoyote ya kufunga mpaka tabia hiyo imerekebishwa nyumbani. Na kwa wengine wote, mazoezi ni usiku kucha mara tatu au nne uani, ikiwemo mmoja wenye upepo au mvua, kabla ya tarehe ya safari kupangwa.